Salamu ya Nungunungu

Fuko mwoga alikuwa kibarua wa kuchimba handaki, na msimamizi wake alikuwa Nungunungu, mgeni aliyetoka nchi ya mbali. Siku moja Fuko akasikia dari ya handaki ikialika, akaona imefanya ufa. Akaenda mbio kutoa habari, lakini kabla hajafumbua kinywa, Nungunungu akaitikisa miiba yake, chakacha chakacha! Fuko akasimama kimya, kisha akarudi. Kila siku ufa ulizidi kupanuka, na kila siku alikwenda, akatikisiwa miiba, akarudi.

Siku ya saba udongo ukaanza kumwagika. Fuko akapiga yowe, "Tokeni!" Yeye, Nungunungu na vibarua wengine wakaponea chupuchupu, na handaki lote likafukiwa nyuma yao.

"Mbona hukuniambia?" Nungunungu akauliza, akihema.

"Ningekuambiaje, bwana, nawe kila nikija wanitishia miiba?"

"Kukutishia? Kwetu ndivyo tunavyomkaribisha mtu!"

Fuko akaduwaa. "Na anayetaka kumdhuru mwenziwe, kwenu hufanyaje?"

Nungunungu akasogea nyuma hatua moja. "Huja, akasimama kimya, kisha akaondoka. Siku saba hizi, Fuko, sijapata usingizi kwa kukuogopa wewe."