Miguu Iliyooshwa Nyumbani

Kila mguu uliofika mbele ya beseni ulikuwa umeshasuguliwa nyumbani kwa sabuni, ukapakwa mafuta, na mmoja ulikuwa na rangi mpya ya kucha. Nuhad aliwatazama wenzake wa kozi ya viongozi wa vijana wakiidondoshea miguu hiyo maji kidogo, kama watu wanaomwagilia maua ya plastiki, huku macho yao yakimtafuta askofu aliyeketi mbele. Kuosha miguu ya vijana, kama Yesu alivyowaosha wanafunzi wake, ndilo lilikuwa zoezi la mwisho. Baada yake, vyeti.

Zamu yake ilipofika, aliketi msichana aliyetoka moja kwa moja kazini, kwenye mabanda ya kulimia nyanya huko Batrun. Alivua buti. Tope lilikuwa limegandia katikati ya vidole, na kisigino kilikuwa kimepasuka.

“Samahani, dada,” msichana alinong’ona. “Gari la kazini lilichelewa, sikupita nyumbani.”

Mkufunzi wa kozi aliinama sikioni mwa Nuhad, akinukia marashi mpaka kwenye tai.

“Mbadilishe huyu. Mpiga picha wa askofu anakuja.”

“Mwalimu, si ulitufundisha kuosha miguu ya vijana?”

“Kuosha, ndiyo. Lakini si michafu namna hii, binti yangu.”

Nuhad alimwangalia kuanzia viatu vyake vinavyong’aa hadi nywele zake zilizolowa mafuta.

“Basi vyeti wapeni mama za vijana hawa,” alisema, kwa sauti iliyofika hadi kiti cha askofu. “Wao ndio waliowaosha, nyumbani.”

Akakunja mikono ya blauzi, akaushika ule mguu, akauzamisha. Maji yakageuka tope.

Askofu akainuka kitini, naye akakunja mikono ya kanzu yake.