Nusu Sekunde

"Inakwama mara moja tu katika majaribio elfu kumi," mkuu wa kitengo alisema. "Bonyeza tena, dada, jaribio litapita. Daktari kashafika kuchukua mashine zake."

Bibi Kufuli, kama wenzake walivyombandika jina, hakubonyeza. Kidole chake kilibaki juu ya kitufe, ukucha umemegeka pembeni.

Mashine zilikuwa za kuwapumulia wagonjwa, na kosa alilijua. Programu ilipohitaji ukurasa wa kumbukumbu ambao bado haujapakiwa, kiini cha mfumo kilifungua kufuli linalozuia kazi nyingine zisiiguse kumbukumbu hiyo, kikaenda kuuleta, kisha kikarudi kujaribu upya. Hakikutazama kama kazi nyingine imeingia na kuubadilisha ukurasa huo wakati kufuli likiwa wazi.

"Ukitoka ukaacha mlango wazi, ukirudi unakagua nyumba," alisema. "Mfumo wetu unarudi na kuuchapa usingizi."

"Wewe na methali zako! Mwizi gani ataingia kwa kufumba na kufumbua?"

"Basi tumpe nafasi."

Aliandika mstari mmoja tu, pale kufuli linapofunguliwa: subiri nusu sekunde. Mkuu alipousoma, uso ukamsawijika.

"Futa hiyo. Unaiharibu makusudi."

"Mfumo ulio salama haudhuriki kwa kusubiri."

"Ukiiendesha mbele ya mteja, kesho usije kazini."

"Daktari," aliita bila kugeuka, "hebu sogea hapa utazame."

Daktari akasogea. Bibi Kufuli akabonyeza.

Pafu la mpira la majaribio, lililounganishwa na mashine pale mezani, likajaa, likashuka, likajaa, likabaki limejaa.