Utani wa Mzee Chavala

Siku hizo kila anayemuuguza mzee aliyepoteza kumbukumbu alivishwa bangili ya utafiti, inayowaka nyekundu mvaaji akisema jambo asiloliamini mwenyewe. Adelina alijivunia yake, maana haikuwahi kuwaka.

“Mzee bado anakutambua, mama?” aliuliza muuguzi mtafiti.

“Sana tu, mwanangu. Anachoka, basi.”

Mumewe akaingia kutoka uani, akamkodolea macho Adelina. “Nani kakuleta nyumbani kwangu?”

Adelina akacheka. “Unamsikia? Yeye Mhehe, mimi Mngoni, watani wa jadi. Tangu anioe, kila asubuhi ananifukuza kwa utani.”

Bangili haikuwaka. Muuguzi akainamisha kichwa.

Adelina akamgeukia mumewe, akamrudishia utani kama walivyozoea: “Kwenda zako, Mhehe wewe! Nyumba hii Wangoni tumeshaiteka!” Akasubiri ajibiwe.

Mzee Chavala akarudi nyuma mpaka ukutani. “Chukueni kila kitu,” alisema, “ila mke wangu msimguse. Yuko jikoni.”

“Utani tu huo, mwanangu,” Adelina alimwambia muuguzi, huku akiivutia kanga juu ya bangili, ili yeye mwenyewe asiione.