Mkono wa Mwinshehe

Gitaa la Mwinshehe lilikata sauti alipoingia tu kwenye solo. Magitaa yote ya umeme siku hizi hufanya hivyo yakisikia mtindo uliosajiliwa, na mtindo huu aliusajili yeye mwenyewe. Zamani, akiwa amechoshwa na wapigaji wa Morogoro waliokuwa wakimwiga, aliukabidhi kwa kampuni ya hakimiliki ili asiupige mtu yeyote. Hakufikiri kwamba na yeye ni mtu.

Mkewe, Zamoyoni, alimtazama kutoka kitandani. Maradhi ya kusahau yalikuwa yamemnyang'anya sura na majina yote. Kilichobaki kichwani mwake ni mkono wa mumewe kwenye nyuzi, ule upigaji wake.

"Endelea basi, baba," alisema kwa adabu, kama anayezungumza na mgeni.

Mwinshehe akaanza upya. Safari hii alichelewesha vidole makusudi, akakosea palepale ambapo watu walikuwa wakimshangilia. Gitaa likakubali, likalia mpaka mwisho.

Zamoyoni akatikisa kichwa kwa huruma.

"Umejitahidi. Lakini ungemsikia mume wangu! Hicho ulichokalia ni kiti chake, baba. Mpishe, yuko njiani."

Mwinshehe akainuka.