Kiitikio cha Wanaume

Ben hakuwa ameimba tangu asubuhi, kwa hiyo Syokau aliimba sehemu yake pia.

Alipokea jiwe kutoka kwa mumewe, akalipitisha mbele, akajifunika mdomo kwa leso. Wanawake walipomaliza ubeti wao, aliishusha sauti mpaka tumboni na kuitikia pamoja na wanaume. Koo lilimwasha.

Tangu wafu waanze kutembea, mwethya, kikundi chao cha kazi ya pamoja, ulikuwa na sheria moja: kila anayefanya kazi mstarini aimbe. Aliyeng'atwa hupoteza sauti kwanza. Mikono yake huendelea na kazi iliyoizoea siku mbili tatu, kisha njaa huja, naye huanza kung'ata. Anayenyamaza, Wavinya, msimamizi wa mstari, hummaliza kwa panga.

Bwawa walilokuwa wakijenga mtoni lilipaswa kuisha kabla ya mvua, la sivyo watu wachache waliobaki Kathonzweni wangekufa kwa kiu. Syokau alilijua hilo vizuri. Lakini huyu alikuwa Ben. Juzi wanaume walienda Emali kutafuta simiti, wakarudi wote, wakisema safari ilikuwa salama. Syokau alipomwosha Ben miguu, aliona alama za meno kwenye kisigino. Hakumwambia mtu. Angemficha wapi, hakujua. Alijua tu kwamba hawezi kumtoa.

"Wanaume!" Wavinya alipiga kelele, akipita na panga lake. "Sauti ya chini! Mnaimba kama watoto wa Sande skuli!"

Jiwe lingine likaja. Safari hii Ben hakuliachilia upesi. Aliinamisha uso, akaunusa mkono wa mkewe.

"Ben, tafadhali," alinong'ona.

Vumbi likamwingia Syokau kooni. Alikohoa, akakohoa tena, na zamu ya wanaume ikafika, ikapita. Mahali pa Ben pakawa kimya.

Wavinya alisimama. Alimtazama Ben, akamtazama Syokau, kisha akaja moja kwa moja. Syokau alijisogeza mbele ya mumewe.

"Mwaitu, mama yangu, nakuomba. Amechoka tu."

 Wavinya aliliweka panga chini, akavuta leso yake mpaka mdomoni, na zamu ya wanaume ilipofika tena, akaimba sehemu ya Ben kwa sauti nzito, neno kwa neno.

"Enda ukunywe maji, halafu urudi haraka," alisema. "Mzee wangu naye nimemwachia Mbula, kule mwisho wa mstari. Anamwimbia sehemu yake, pamoja na ya mume wake mwenyewe."

Syokau alitega sikio. Kiitikio cha wanaume kilivuma mto mzima, na ndani yake hapakuwa na mwanamume hata mmoja.