Gari Lililokatazwa Kupona

Fundi aliikaza nati ya juu ya shokapu mpaka mwisho, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akailegeza mizunguko mitatu. Akalitikisa gari kwa mikono miwili. Ko-ko-ko, likajibu. Akaridhika, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

"Tayari, bosi. Safari hii nimelimaliza."

Bosi, mtu mpole asiyependa ugomvi, alishukuru kama kawaida yake, akaondoka. Mguu wa mbele kushoto wa gari uligonga mpaka kona ya barabara. Mwezi ujao angerudi na malalamiko yaleyale, kama alivyorudi mwaka mzima.

Msishangae. Kazi hii nyeti ya kuharibu gari kwa uangalifu Fundi alipewa na dada yake. Siku ya kwanza kabisa bosi alipolileta gari, hata jeki haijaingia chini, dada alifika gereji mbio, kiatu kimoja mkononi.

"Kaka, nakuomba, usilitengeneze hilo gari!"

Dada alikuwa karani katika ofisi ya huyo bosi. Ofisi ilikuwa na watu wanane, wachapakazi wasio na mfano: watano walilala, wawili walisukana nywele, na mmoja alikaa dirishani kusikiliza. Alisikiliza tuta la getini. Gari la bosi likipanda tuta, ko-ko-ko, basi mpaka bosi afike mlangoni wote wameshika kalamu na wamekunja uso.

"Ameshaapa mbele yetu," dada alisema huku akihema. "Atakayekutwa amelala, barua ya kufukuzwa siku hiyohiyo. Nina watoto wanne, kaka, na baba yao unamjua."

Fundi alimjua. Ndiyo maana alikubali.

Hata hivyo hakuwa muuaji. Vyuma vya usukani hakuvigusa, maana hivyo vikichomoka mtu anazikwa. Alicheza na ile nati tu. Lakini gari lisilotibiwa huoza lenyewe: bushi za mpira zikalika, usukani ukaanza kutetemeka, tairi la kushoto likaisha upande mmoja.

Na jina la Fundi nalo likaisha. Watu walipita gereji wakicheka. "Fundi, gari moja linakutoa jasho mwaka mzima?" Aliumia. Aliumia hasa, maana moyoni alijua hakuna mkono kama wake mjini kote. Ni kweli wateja wengine nao walikuwa wakirudi na usukani unaovuta pembeni, lakini hao walikuwa na barabara mbovu, au vipuri bandia, au hawajui kuendesha. Mji mzima ulikuwa mbovu isipokuwa Fundi.

Kilichomvunja moyo ni jirani yake, mshona viti vya magari, wa ukuta kwa ukuta. Asubuhi moja alipita na gari lake mbele ya gereji, akalipeleka kwa fundi mwingine.

"Usikasirike, jirani," alisema. "Lile gari la bosi linakutangaza."

Ijumaa hiyo bosi alipoleta gari, Fundi alifunga mlango wa gereji. "Dada atanisamehe," alisema, akashika spana. Akabadilisha shokapu zote mbili za mbele, bushi, na vile vyuma vya usukani, boljointi na tairodi. Alipofunga mara ya kwanza, usukani ulikaa umepinda. Mara ya pili, nati moja ilibaki mkononi, na haikujulikana ilitoka wapi. Mara ya tatu kila kitu kikakaa. Akalipeleka kupimwa magurudumu, likanyooka.

Jumatatu asubuhi bosi aliondoka nalo. Akapanda tuta la gereji. Kimya. Akasimama, akashuka, akainama kuchungulia chini ya gari, akamtazama Fundi, akaondoka bila neno. Fundi alidhani ni furaha imemziba mdomo.

Kisha akamkumbuka dada, na chai ikamshinda. Akampigia simu mara sita. Haikupokewa. Aliwaona wale watoto wanne wamejipanga kwenye kochi lake, na baba yao katikati.

Saa sita mchana gari liliingia gereji, kimya. Bosi akashuka.

"Leo nimefika ofisini, hakuna aliyenisikia."

Fundi akaweka spana chini. "Na dada yangu?"

"Dada yako alikuwa amelala juu ya faili, anakoroma. Pembeni yake shemeji zangu watatu, nao wamelala. Yule mdogo mke wangu amemlea tangu akiwa mchanga. Nikimfukuza huyo, nitaishi wapi?"

"Kwa hiyo umefanyaje?"

"Nimenyata, Fundi. Mimi, mkuu wa ofisi, nimenyata nikarudi kwenye gari langu mwenyewe, nikapiga honi kama nimeleta bibi harusi. Nilipoingia, wote wameshika kalamu." Akamwekea funguo kiganjani. "Honi ya kila siku siiwezi. Nirudishie ule mlio."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Dada amepona! Kisha uchungu wa mwaka mzima ukampanda.

"Sasa bosi, si ungesema tangu mwanzo? Mwaka mzima nalegeza ile nati kwa makusudi, naficha ufundi wangu, mpaka jina langu limechafuka mji mzima!"

Bosi akamtazama kwa mshangao wa kweli.

"Kwa makusudi? Mwaka jana mke wangu aliposhikilia nipeleke gari kwa fundi kila mwezi mpaka lipone, nilizunguka mji mzima nikiuliza ni nani nikimpelekea halitapona kamwe. Kila mtu alinitajia wewe."