Bunduki Zilizotupwa Mtoni

Bunduki ya kwanza kutupwa mtoni ilikuwa ya Alojz.

"Okota hiyo!" Luteni Reinhold alifoka.

"Ingia mwenyewe uiokote, afande. Maji ya Novemba matamu sana."

Askari walicheka. Alojz hakucheka. Tangu alfajiri alikuwa na hasira. Ng'ambo ya mto, nyuma ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, vilima vya kwao Brda vilionekana wazi, na kwenye kimojawapo alikuwapo Pavla, mkewe, aliyemwacha vita vilipoanza mwaka 1914, ndoa yao ikiwa na wiki mbili. Angeweza kufika kwa miguu kabla ya jua kuzama. Lakini huyu kijana wa Vienna, ambaye hata ndevu hazijamwota sawasawa, alikuwa akiwakokota polepole kwa mistari, bunduki begani, utadhani Kaizari yuko dirishani anawatazama!

Amri ilikuja jana: mkataba wa kusimamisha vita na Waitaliano umetiwa saini, acheni kupiga risasi.

"Tumeambiwa tusipige," alisema luteni. "Hatukuambiwa tutupe silaha. Tutavuka daraja kama jeshi la Dola."

"Dola ipi?" Alojz alimaka. "Wahungari wameshakwenda zao. Wacheki wana nchi yao tangu wiki iliyopita. Dola umebaki wewe na hiyo kofia yako!"

"Na Waitaliano je? Wao wameambiwa nini?"

"Wameambiwa amani! Kwani amani ina pande ngapi?"

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, Alojz."

"Hilo guu mmeshalivunja, afande, miaka minne sasa."

Hapo Stipe, Mkroatia mpole asiyependa ugomvi, akaishusha bunduki yake begani, akaitupa majini. Ikafuata nyingine, na nyingine, maji yakiruka kama watoto wanaoga. Luteni akabaki na bastola yake, machozi yakimlengalenga. Alojz alimwonea huruma kidogo, kisha hasira ikamrudia. Asubuhi yote imeliwa na upuuzi wa mtoto huyu!

Walikuwa hawajafika darajani Waitaliano walipotokea nyuma yao kwa baiskeli, manyoya yakipepea kwenye kofia. Luteni akaigusa bastola.

"Acha, utatuponza!" Alojz alimkemea. Akawaendea wageni mikono wazi. Kiitaliano alikijua tangu utotoni. "Ndugu zangu, vita vimekwisha! Mimi kwetu pale, kilima kile. Leo nalala kwangu."

Ofisa wao alimpa sigara, akamwashia. Kisha akatazama saa yake ya mkononi, akatikisa kichwa kwa masikitiko ya kweli.

"Kwenu viliisha jana," alisema. "Kwetu vinaisha leo saa tisa alasiri. Sasa hivi ni saa saba. Geukeni, mateka. Njia ni ile mliyojia."